Tendegu la Mama: Siku Moja Matondoni

Kutoka Amu mjini hadi Matondoni mtu aweza kwenda kwa miguu, kwa punda, au kwa chombo akipita kando ya mikoko. Mimi nilikwenda kwa chombo, kwa kuwa nilikuwa na mzigo: tendegu la kitanda cha mama yangu, limekatika vipande viwili. Kitanda hicho cha msaji alikilalia tangu harusi yake, na habari za kununuliwa kingine hataki kuzisikia.

Kabla ya safari nilijaribu mwenyewe. Tendegu lililokatika hutobolewa kati kwa urefu, vipande vyote viwili, kisha hupitishwa kijiti cha mti mgumu kikavishika. Nikaazima keke ya umeme, nikaikandamiza kwa nguvu. Tundu lilianzia katikati, likatokea ubavuni. Kipande kile nilimficha mama siku tatu, jambo lisilompendeza mtu wa umri wangu.

Matondoni ni kijiji cha waundaji majahazi, upande wa magharibi wa kisiwa. Wanawake walikuwa barazani wakisuka ukili. Fundi mzee alilitazama tundu langu, wala hakucheka. "Shekhe, ulikuwa na haraka," akasema. Mti una nyuzi. Chuma kikikutana na fundo hufuata palipo laini, na kosa dogo mdomoni huwa kubwa ndani. Baadaye nilipiga hesabu: ukipotoka digrii moja tu, katika kina cha sentimita 30 tundu huhama nusu sentimita.

Kwanza aliliziba tundu langu kwa kijiti chenye gundi, tukangoja hadi tulipokwisha kuswali adhuhuri. Kisha akapiga msumari mdogo uliokatwa kichwa katikati ya kipande kimoja, pale palipokatika, akakikutanisha na mwenzake. Ncha ikaacha alama. Ndipo akatwaa keke ya uta, ile itobolewayo mbao za jahazi kabla ya kupigwa misumari, zisije zikapasuka. Kiganja cha kushoto juu ya jivu, mkono wa kulia ukivuta uta, msukano ukizunguka huku na huku. Mjukuu wake alisimama mbele kuangalia kama chuma ki wima. Mimi nikawekwa ubavuni, maana atazamaye upande mmoja haoni kuinama kote. Kila kilipoingia kadiri ya upana wa kidole, alikitoa akapuliza vumbi. Likijaa ndani, chuma hupata moto na kukwama.

Nilimwuliza mbona hatumii umeme, naye keke yake ipo pale ukutani. Akasema huitumia sana, ila kwa tundu refu mkono husikia chuma kinapotaka kukimbia.

Usiku ule kitanda kilisimama. Mama alilipapasa tendegu, akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia. Akamwombea fundi dua ndefu, kisha akasema kipande nilichokificha nyuma ya kabati alikiona tangu siku ya kwanza.