Nyumba ya Zamu Mjini Bariadi

Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma huliacha jiji na majabali yake, akavuka Mto Simiyu, akapita Magu, na mara kwa mara Ziwa Victoria huchungulia upande wake wa kushoto likimetameta kama bati jipya. Afikapo Lamadi hana budi kuchagua. Akienda moja kwa moja atapita kando ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Akikata kulia ataliacha ziwa nyuma yake na kuingia katika nchi ya pamba, apite Dutwa, hadi Bariadi, mwendo wa kilometa zipatazo 70 za lami.

Watu wengi huenda moja kwa moja. Bariadi si mji ambao mfanyakazi wa Mwanza au Dar es Salaam huutaja aulizwapo likizo yake ataitumia wapi. Hata hivyo ni mji unaokua kwa kasi. Mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kutokana na wilaya za Shinyanga pamoja na upande wa Magu uliofanywa Wilaya ya Busega, Bariadi ulipewa heshima ya kuwa makao makuu. Sensa ya mwaka huo iliwakuta watu 1,584,157 katika mkoa mzima. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 2,140,497. Na kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji, kiasi kwamba hata watu wasiojua Bariadi iko upande gani wa nchi walilisikia jina lake redioni.

Mwezi wa Juni, ambao ndio mwezi tuliokwenda, pamba imetoka shambani. Mbele ya nyumba nyingi utaona rundo jeupe juu ya turubai, na akina mama wameketi kulizunguka wakitenga pamba safi na fifi, mikono ikienda na mazungumzo yakienda. Malori hupita yamejaa robota kupita kiasi, na vinyuzi vyeupe hunasa katika miiba kando ya njia kwa kilometa nyingi. Mgeni hupokewa kwa salamu ndefu. Asubuhi ni “mwangaluka”, jioni ni “mwadila”, na asiyejibu huhesabiwa kuwa ama mgonjwa ama mtu wa mjini.

Lakini kilichotupeleka Bariadi, ndugu msomaji, si pamba. Ni nyumba.

Mke wangu ni mwanachama wa mfuko wa wafanyakazi wa taasisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa hapa. Miaka kadhaa iliyopita mfuko huo ulijenga nyumba ya mapumziko pembeni mwa mji wa Bariadi, yenye sehemu nne, kila sehemu ikiwa na vyumba viwili, sebule, jiko na bafu. Utaratibu wake ni mzuri kuusikia. Kila mwanachama hukatwa fedha kidogo katika mshahara kila mwezi, na kwa makato hayo hupata haki ya kukaa na familia yake siku saba kwa zamu, bila kulipa kodi ya chumba. Mke wangu amekatwa kwa miaka tisa. Zamu yake ilikwisha kuahirishwa mara mbili, na barua ya tatu ilipofika watoto waliisoma kwa sauti kama cheti cha mtihani.

Tulifika jioni, watu watano. Mzee mtunzaji alitupokea langoni, akawabebea watoto mizigo, akamwita mke wangu “mayu”, yaani mama, kama ilivyo adabu ya Kisukuma hata kwa mwanamke aliye mdogo kuliko binti zake msemaji. Kisha akafungua mlango kwa kuuinua kwanza kwa bega, maana bawaba ya chini ilikuwa imeng'oka.

Dari ya sebule ilikuwa imelegea katikati na kuchorwa duara za rangi ya chai, duara ndani ya duara, kila msimu wa mvua na alama yake. Juu yake waliishi popo. Harufu yao ilitutangulia katika kila chumba. Jokofu lilikuwapo, ila lilikuwa kabati la sahani. Bomba la jikoni lilikohoa likatoa hewa. Bafuni maji yalitiririka usiku na mchana, hayakutaka kufungika, na kwa sababu hiyo tangi la juu lilikuwa tupu kila ifikapo saa nne asubuhi. Huo ni uharibifu wa kusikitisha katika mkoa ambao maji yake ni ya kuhesabu, hata ikabidi upangwe mradi mkubwa wa kuyaleta kutoka Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliuidhinishia fedha mwaka 2017.

Hayo yote mtu aweza kuyacheka. Vyandarua havikutuchekesha. Katika vitanda vinne kilikuwapo chandarua kizima kimoja tu; vingine vilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Kanda ya Ziwa si mahali pa kufanyia mbu mzaha, na maduka yalikuwa yakifungwa. Tuliwalaza watoto wote watatu chini ya kile kizima, wamejipanga kama sigara katika pakiti, nasi wazazi tukavaa mikono mirefu na soksi, tukaukesha usiku tukipiga makofi gizani. Asubuhi tulinunua vyandarua viwili sokoni kwa fedha tulizokuwa tumezitenga kwa nyama.

Juu ya meza ya sebule liko daftari la wageni, lenye safu za jina, tarehe, na maoni. Nililisoma lote kwa kikombe kimoja cha chai. Mwaka 2014 mgeni mmoja aliandika kwa mwandiko wa kupendeza: “Paa linavuja sebuleni. Lishughulikiwe mapema.” Mwaka 2016 mwingine akaandika: “Kama ilivyosemwa hapo juu.” Mwaka 2019: “Rejea maoni ya 2014.” Kurasa zinazofuata ni hivyo hivyo, kwa lugha ya ofisini iliyonyooka, kila mmoja akimwagiza mtu asiyetajwa. Katika daftari zima nilikuta ingizo moja tu la namna nyingine. Mwaka 2017 mwanachama mmoja aliandika kwamba amenunua kitasa cha mlango wa nyuma na kukifunga mwenyewe, na kwamba risiti ameiacha ndani ya daftari. Risiti ilikuwa bado ipo, imefifia. Kitasa hicho ndicho kitu pekee katika nyumba ile kilichofunguka na kufungika bila kubembelezwa.

Mke wangu alimwuliza mzee kama viongozi wa mfuko huyaona maandishi hayo. “Mayu,” alijibu, “wageni wote huandika. Mimi ndiye ninayebaki na daftari.” Akaeleza kwamba mara mbili alinunua balbu kwa fedha zake na hakurudishiwa, baada ya hapo alikoma. Sikumlaumu. Nilichotaka kujua ni makato ya wanachama huenda wapi, na jibu, tulipolipata baadaye, halikuwa la wizi hata kidogo. Fedha zote huingia katika akaunti moja pamoja na rambirambi, mikopo ya shule na gharama za mikutano. Nyumba haina kasma yake. Msiba ukitokea, na misiba hutokea kila mwezi, hakuna mwenyekiti atakayesimama aseme bati litangulie.

Jambo hili si la Bariadi peke yake, wala si la Waafrika peke yao, kama wapendavyo kudai watu wenye haraka ya kujidharau. Huko Ulaya nyumba za mapumziko za zamu zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1974 ikaanzishwa nchini Marekani kampuni ya RCI, ya kuwawezesha wenye zamu kubadilishana nyumba. Mtu hununua wiki yake moja ya kila mwaka, kisha kila mwaka hulipa ada ya matunzo, awe amekwenda au hakwenda. Hapo ndipo familia nyingi zilipoumia. Ada zilipanda, nyumba zikachakaa, na mwenye wiki akajikuta hawezi kuiuza wala kuikimbia. Wauzaji walisifika kwa ulimi mtamu kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulitunga masharti mwaka 1994 ya kumpa mnunuzi siku 10 za kujirudi baada ya kutia sahihi, na mwaka 2008 siku hizo zikaongezwa kuwa 14. Angalau huko ada inaitwa ya matunzo, na mwenye kulipa aweza kuuliza yako wapi.

Wala si kweli kwamba watu wa hapa hawajui kutunza kitu cha wengi. Wasukuma wana ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua majani yasitawi, likafunguliwa katikati ya kiangazi ng'ombe wasife njaa. Yako ya mtu mmoja mmoja na yako ya kijiji kizima. Mengi yalitoweka katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vipya na kuyaacha nyuma. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, katika mkoa ambao wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Mradi ulitoa elimu, lakini uzio ulikuwa ni watu. Aliyepeleka mifugo kabla ya wakati alikamatwa na sungusungu na kufikishwa mbele ya dagashida, mkutano wa jamii, akatozwa faini papo hapo mbele ya jirani zake. Kila mtu alijua nani anafunga, nani analinda, na nani anatoza. Nilimweleza mzee kwamba nyumba hii ingekuwa ngitili ingekwisha kupona. Alicheka, akasema ingekuwa ngitili yeye asingekuwa peke yake.

Siku zilizobaki hazikuwa mbaya. Fundi wa mtaani alituazima ngazi na spana; kipande cha mpira wa baiskeli kilinyamazisha bomba la bafuni, na tangi likabaki na maji hadi jioni. Watoto walijifunza kula michembe na kuomba tena. Siku moja tuliamka alfajiri tukaenda Ndabaka, ambako Mtanzania huingia kwa kiingilio kilicho chini sana kuliko cha mgeni wa nje, na tukawaona nyumbu wakiwa katika makundi upande huo wa magharibi wa Serengeti. Tuliporudi tulikula sato Lamadi, mikono ikinuka ndimu. Binti yetu mdogo anasema hiyo ndiyo Bariadi, na hatujamsahihisha.

Usiku wa mwisho mke wangu hakuandika katika daftari. Alichukua karatasi yake mwenyewe, akazunguka sehemu zote nne pamoja na mzee na fundi, akaorodhesha mabati ya kubadilishwa, misumari, bawaba, vyandarua, tangi, na malimbikizo ya balbu za mzee. Kila kitu kiliandikiwa bei ya dukani Bariadi, na fundi akatia sahihi. Jumla yake, ikigawanywa kwa wanachama, ni chini ya makato ya mwezi mmoja kwa kila mtu.

Tuliporudi aliipeleka kwa katibu wa mfuko. Katibu aliipokea kwa upole, akamwahidi kwamba itasomwa katika mkutano mkuu chini ya “Mengineyo”. Mke wangu alikataa kuiacha mpaka ilipoandikwa mbele yake kuwa ajenda ya nne, kabla ya chakula cha mchana.