Ukihamia Dar, chagua mtaa kwa macho ya anayeshinda nyumbani

Wengi wanaohamia Dar es Salaam huanza kutafuta nyumba kwa kuuliza kazi iko wapi. Kama ofisi ipo Posta, watatafuta Upanga, Ilala au Magomeni. Kama ni kiwandani, watatafuta Ubungo au Temeke. Ni swali zuri, lakini linamhusu mtu mmoja tu katika familia, yule anayetoka alfajiri na kurudi usiku.

Wapo wengine ambao mtaa ndio maisha yao ya kutwa nzima: mtoto mdogo, mama mjamzito, bibi mwenye shinikizo la damu, dada wa kazi. Hao ndio wanaovuta vumbi la mtaa, wanaokunywa maji yake, na ndio wanaokimbizwa hospitali usiku kwa barabara zake.

Januari dada yangu, mumewe na watoto wao wawili walihamia hapa kutoka Iringa baada ya shemeji kuhamishiwa ofisi ya katikati ya jiji. Mtoto wao wa pili, binti wa miaka sita, ana pumu. Daktari aliyekuwa akimtibu aliwaaga kwa maneno machache: epukeni moshi, vumbi na nyumba yenye unyevu, na msiishi mahali ambapo usiku hamtaweza kufika hospitali.

Kazi ya kuandika habari za afya imenifikisha karibu kila kona ya jiji hili, na mara nyingi nimefika kwa sababu ya jambo baya: mafuriko, homa ya dengi, choo kilichofurika. Kwa hiyo nilikwenda nao kwa Jumamosi nne mfululizo kutafuta nyumba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wenye wilaya tano, na kila mtaa una faida na adha zake.

Rangi mpya iliyoishia kiunoni

Nyumba ya kwanza dalali alituonyesha upande wa Kigogo, kwenye mteremko unaoshuka Bonde la Msimbazi. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko zote tulizoziona baadaye. Shemeji alipiga hesabu ya dakika za kufika kazini, akatabasamu. Jua lilikuwa kali, uwanja umekauka, na ukuta wa sebuleni ulikuwa umepakwa rangi mpya.

Lakini rangi hiyo mpya iliishia usawa wa kiuno. Kuanzia hapo kwenda juu ilikuwa ya zamani.

Dalali alisema mwenye nyumba alikuwa katikati ya kupendezesha. Mama anayeuza vitumbua nyumba ya pili hakusema mengi. Alinyoosha mkono kuelekea nguzo ya umeme, akatuonyesha mahali maji yalipofika masika iliyopita.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza maeneo kama Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha unapita Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha Pugu, anayeshangaa ni aliyeko bondeni, ambako pengine halijadondoka hata tone. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na serikali ikawapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande. Hata hivyo watu wameendelea kupanga bondeni, kwa sababu ni karibu na Kariakoo na kodi ni ndogo.

Kiafya, hasara haiishi maji yanapokauka. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo ili uchafu uchukuliwe na maji, na uchafu huo huishia kwenye visima na viwanja vya walio chini. Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia Dar es Salaam mwezi Agosti, kisha ukasambaa katika mikoa mingi ya Bara. Na kwa mtoto mwenye pumu kuna jambo jingine: ukuta uliolowa huota ukungu mweusi nyuma ya kabati, mahali ambapo rangi mpya haifiki, na ukungu huo ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha shambulio.

Dada alishukuru, tukaondoka.

Sinza: mitaa imepimwa, jirani ana jiko la nyama

Jumamosi ya pili tulikuwa Sinza. Hiki ni kitongoji ambacho, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, kilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa serikali wa kugawa viwanja vyenye huduma. Matunda yake yanaonekana hadi leo: barabara za ndani zimenyooka, na gari la wagonjwa linaweza kufika karibu mlangoni. Hospitali ya Sinza, ambayo wengi huiita Palestina, ipo hapo hapo, na ya Mwananyamala haiko mbali.

Nyumba tuliyoiona ilikuwa ya vyumba viwili, ndogo lakini safi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali alitaka ya mwezi mmoja ya kwake, kama ilivyo desturi ya mjini hapa. Shemeji aliridhika.

Nikamwomba tusubiri hadi jioni. Saa kumi na mbili jiko la nyama choma la baa iliyopakana na ukuta wa nyumba likawashwa, na moshi ukaingia moja kwa moja kwenye dirisha la chumba ambacho kingekuwa cha watoto. Saa mbili usiku muziki ukaanza. Binti aliyekuwa akicheza uwanjani alianza kukohoa, mama yake akafungua pochi na kutoa dawa yake ya kuvuta.

Si Sinza yote iko hivyo. Mitaa miwili nyuma yake kulikuwa kimya kabisa, ila hakukuwa na nyumba iliyolingana na mfuko wa shemeji. Ndiyo maana jina la kitongoji halitoshi kukuambia utakavyoishi. Ukuta wako unapakana na nani ni jambo kubwa kuliko jina linaloandikwa kwenye tangazo, na majirani wa mchana si lazima wawe majirani wa usiku.

Kigamboni: hewa nzuri, maji katikati

Jumamosi ya tatu tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Kwa bei ya vyumba viwili vya Sinza tulipewa nyumba nzima yenye uwanja, miembe miwili na upepo wa bahari. Watoto walikimbia mpaka wakachoka, na hakuna aliyekohoa. Kama hewa ingekuwa kigezo pekee, safari yetu ingeishia pale.

Tulianza na bomba. Maji ya kisima cha nyumba ile yalikuwa ya chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya karibu na bahari. Ya kunywa na kupikia yangenunuliwa kwa madumu au kwa boza.

Kisha dada akauliza barabara. Kutoka nyumbani hadi kwenye lami kulikuwa na mwendo mrefu wa mchanga. Tangu 2016 Daraja la Nyerere limeiunganisha Kigamboni na Kurasini, na wenye magari hulipa tozo kuvuka. Wilaya ina hospitali yake pale Vijibweni. Lakini mtoto akipewa rufaa ya kwenda Muhimbili, njia ya mkato ni kuvuka maji, kwa daraja au kwa pantoni. Shemeji hana gari.

"Kwa mtu anayefanya kazi huku huku, hapa ni peponi," dada alisema. "Sisi tungekuwa tunagawana siku kati ya foleni mbili."

Kimara: mlima, mgawo wa maji na njia mbili

Jumamosi ya nne tulipanda mwendokasi hadi Kimara. Mabasi haya yalianza kazi 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na kwa mtu wa ofisi za katikati ya jiji ni njia ya moja kwa moja hadi Kivukoni. Adha yake kila mkazi anaijua: asubuhi kupata nafasi ni vita.

Nyumba ipo mgongoni mwa kilima, hivyo maji ya mvua hayatuami uwanjani. Vyumba ni viwili na sebule, madirisha yanatazamana na hewa inapita. Jirani upande mmoja ni fundi cherehani, upande wa pili ni mwalimu mstaafu anayefuga kuku wachache. Hakuna karakana ya seremala, hakuna gereji, hakuna tanuri la kuchoma taka.

Matatizo nayo yapo. Maji ya bomba huja kwa mgawo, hivyo ilibidi wanunue simtanki kabla ya kununua kochi. Simtanki nalo lina masharti yake, kwa kuwa mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama na huuma mchana. Jiji hili lilipata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Mfuniko lazima ufunge sawasawa, na makopo na matairi yaliyozagaa uwanjani yaondolewe. Isitoshe, barabara ya kupanda kutoka lami ni ya udongo, na mvua ikinyesha bodaboda hukataa kupanda.

Kilichoamua ni ramani ya hospitali. Jangwani ikijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, na anayeishi Kimara hulazimika kuzunguka ili kufika Muhimbili ya Upanga. Lakini Hospitali ya Muhimbili Mloganzila iko upande wa pili wa barabara hiyo hiyo, kuelekea Kibaha, na kutoka Kimara huvuki bonde kuifikia. Zahanati na vituo vya afya vya karibu navyo viko juu, si bondeni. Familia ile ingekuwa na njia mbili, nyumba nyingine zilikuwa na moja.

Shemeji ndiye aliyelipa gharama ya uamuzi huo. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi basi kabla ya msongamano. Aliwahi kusema kwa utani kwamba amehamia Dar lakini haijaiona kwa jua. Hajasema wahame.

Aprili binti alipata shambulio saa nane usiku, mvua ikinyesha. Bodaboda walikataa kupanda. Fundi cherehani alimwamsha kijana wake mwenye bajaji, akamteremsha mtoto na wazazi wake hadi hospitali ya upande ule ule wa barabara. Alivutishwa dawa kwa mashine, akalazwa siku moja, akarudi nyumbani. Wiki hiyo Jangwani palikuwa pamefurika.

Maswali yasiyolipiwa

Najua wapo watakaosema kuchagua mtaa ni mambo ya wenye nacho, kwamba mtu wa kipato kidogo anakwenda pale mfuko unaporuhusu. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini hata kwenye kitongoji cha bei nafuu kuna nyumba ya juu na ya chini, kuna ya kando ya dampo na ya mbali nalo, na mara nyingi kodi zake hazipishani sana. Tofauti hiyo huipati kwa dalali. Unaipata kwa kuuliza, na kuuliza ni bure.

Muulize muuza genge au mama wa vitumbua maji yalifika wapi masika iliyopita. Fungua bomba, onja, uulize linatoka siku ngapi kwa wiki. Uliza chemba ya choo ilinyonywa lini na gari la kunyonya linapita wapi. Sogeza kabati, tazama ukuta. Rudi jioni, na ukiweza rudi Jumapili. Tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi kwenye lami ukiwa umembeba mtoto, uone inachukua muda gani.

Kama kuna mjamzito nyumbani, ifahamu namba 115 ya m-mama, inayopigwa bila malipo ili kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura. Kisha jiulize gari hilo litafika wapi likija kukuchukua.

Ukienda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kujitambulisha, usichukue barua tu ukaondoka. Muulize ni nani hapo mtaani mwenye bajaji au gari anayekubali kuamshwa usiku. Chukua namba yake, na siku hiyo hiyo nenda ukamsalimie.