Jiwe la Buluu la Katanga

Mgeni afikapo Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966, hufurahi kusikia Kiswahili sokoni, ingawa matamshi yake si kama yetu. Mwenyeji wangu, karani kama mimi, alinipeleka nje ya mji, upande wa mgodi wa Étoile, yaani Nyota. Udongo wa huko ni mwekundu, na mawe yake yana michirizi ya kijani na buluu.

Nilidhani rangi hizo ndizo shaba yenyewe, kumbe sivyo. Chini kabisa shaba imeshikamana na kiberiti. Maji ya mvua na hewa hupenya katika nyufa na kuibadili kidogo kidogo, kama kutu ya kijani ishikavyo chombo cha shaba kisichosuguliwa. Ndipo hupatikana malakiti ya kijani na azuriti ya buluu. Lakini maji hayo yakikutana na fosfati, kwa nadra sana hutokea kornetiti: chembe za buluu iliyokoza, mara nyingi ndogo kuliko punje ya mtama.

Jiwe hilo lilipewa jina la Jules Cornet, Mbelgiji aliyechunguza miamba ya Katanga katika safari ya miaka 1891 hadi 1893. Limepatikana pia Zambia, katika mgodi uitwao Bwana Mkubwa, jina lisilohitaji mkalimani kwetu. Hata hivyo, kabla ya Cornet kuzaliwa, wenyeji wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakiti na kusubu misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha.

Tuliporudi, kijana mmoja alitufungulia karatasi yenye jiwe la buluu. Nilimpunguzia bei mara tatu, naye akakubali. Kisha nikamwuliza alikolipata. Akajibu, "Mzee, ni katika shimo letu, mbali na hapa. Tunachimba kwa mikono, hatuna magogo ya kuzuia udongo. Mvua iliyopita ulimfunika kaka yangu."

Nilimrudishia zile fedha nilizompunguza, lakini aibu yangu haikurudi pamoja nazo.

Sasa jiwe liko mezani pangu. Wageni wakisifu rangi yake, huwasimulia kwanza habari za shimo. Nawe, ndugu msomaji, ukiletewa kitu kizuri kilichotoka ardhini, usiulize bei kabla ya kuuliza kimetolewaje.