Kimea cha Mwera

Mimi si mnywaji, lakini elimu ya kupika pombe ya nafaka naiheshimu kuliko baadhi ya shahada tunazozitunuku.

Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, asili yake ni nchi ya tembo la mnazi. Pombe ya nafaka ilistawi kwa kufuata katani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliotesha Kikogwe miche 62 ya mkonge iliyosalimika safarini; mashamba yalipotanuka yakavuta manamba kutoka bara, nao wakaja na ujuzi wa kwao.

Mjukuu wa manamba mmoja, mama wa makamo, alinieleza kazi yake. Huloweka ulezi, huufunika kwa gunia hadi uchipue, kisha huuanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi huuchachua, halafu huukaanga juu ya bati mpaka uwe kahawia, kama wafanyavyo wapika busaa wa Kenya magharibi. Huchanganya vyote na maji, akaviacha vichemke vyenyewe, akachuja.

"Mwalimu, bila kimea huo ni uji tu," aliniambia.

Ndivyo ilivyo. Nafaka inayochipua huzalisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na chachu hula sukari, si wanga. Mwingereza anayepika pombe yake nyeusi nyumbani hupita njia hiyohiyo, ila nafaka yake ni shayiri, na kimea chake kingine hukaangwa hadi kiwe cheusi. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea. Pombe yenyewe, iliyoenea London karne ya 18, iliitwa kwa jina la wapagazi, maana hao ndio walioipenda. Wapagazi kule, manamba huku!

Leo ya kule huitwa sanaa. Ya mama huyu ilimwagwa na watu wa doria waliodai kwamba anapika gongo, na ada ya mtoto ikaenda na maji. Gongo hukenekwa, na sheria ya mwaka 1966 inakataza kuipika bila leseni. Pombe ya kienyeji isiyokenekwa iko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1968, inayoruhusu kuipika na kuiuza kwa leseni. Hapakuwa na mtambo pale. Palikuwa na pipa, chujio na kimea. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeona tofauti hiyo.

Mtaniambia hakuwa na leseni. Kweli, hakuwa nayo. Lakini sheria zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumsomea. Afisa mtendaji unayesoma haya, bandika masharti ya leseni hiyo kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi yako, pamoja na ada yake na siku za kuiomba.