Nukta Iliyopotea

Agosti 2022 nilikwenda Lamu kupiga picha kurasa 18 za utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Bibi aliyeurithi mswada huo alinikaribisha vizuri, ila hakukubali utoke chumbani. Dirisha lilikuwa dogo na jua lilikuwa linatua. Nikatoa kamera yangu ya mfukoni, nikiziamini pikseli zake milioni 16, nikapiga harakaharaka huku nimeishika kwa mkono. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zilipenya darini, kitabu kikalowa na wino ukachuruzika. Nakala iliyobaki ni yangu, nayo ina kasoro.

Wenzangu waliowahi kusoma hati hizi wanajua uzito wa nukta. Katikati ya neno, herufi za b, t, n na y huwa na umbo moja, na kinachozitenganisha ni idadi ya nukta na mahali zilipokaa. Katika ubeti wa 41 kuna neno ambalo siwezi kuliamua: likiwa na nukta mbili juu ni "tia", likiwa na moja ni "nia". Mizani hainisaidii kwa kuwa yote mawili yana silabi mbili, na vina ni vilevile. Maana nayo inakubali pande zote. Kwenye picha yangu pana doa moja la kijivu tu.

Nilimpelekea picha hiyo jirani yangu hapa Dagoretti Corner, mzee aliyewahi kuendesha studio ya picha miaka mingi kabla barabara ya Ngong haijapanuliwa. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akacheka kidogo.

"Kijana, wewe ulihesabu mbegu ukasahau shamba."

Shamba alilolikusudia ni kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Changu kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha 4.5. Yashica yake ya zamani, ya umbo la kati, hutumia filamu namba 120, na kila picha huwa ya milimita 56 kwa 56, yaani eneo kubwa kuliko langu zaidi ya mara mia. Kamera za kidijitali za umbo la kati zipo pia. Fujifilm ilileta ya milimita 44 kwa 33 mwaka 2017, lakini bei yake si ya mwanafunzi. Pikseli zikisongamana mahali padogo, kila moja hupata mwanga haba, na gizani picha hujaa chenga. Kisha kamera, katika kuzisafisha chenga hizo, hulainisha kila kijidoa. Haiwezi kujua kwamba kijidoa kingine ni herufi.

Niliondoka nikiwa tayari kuilaumu kamera, na pengine makala haya yangeishia hapo. Lakini mzee aliniita Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameandika mistari michache yenye nukta kwenye karatasi (zamani alifunzwa chuoni, nami sikuwahi kujua), akaiweka ubaoni karibu na dirisha. Tukaipiga kwa Yashica, kisha kwa kamera yangu, zote zikiwa juu ya kiguzo cha miguu mitatu. Kamera yangu tuliipunguzia wepesi wa kuhisi mwanga hadi mwisho, tukaiachia ijifyatue yenyewe.

Filamu iliposafishwa, tulilinganisha. Ya mzee ilishinda: nilipoikuza sana niliona hata nyuzi za karatasi, na wino ulikuwa na kina cheusi ambacho changu hakikukifikia. Hata hivyo, kwa ukubwa wa kawaida wa ukurasa, nukta zote zilisomeka katika picha zote mbili. Jioni tulirudia huku nimeshika kamera mkononi kama kule Lamu. Nukta mbili zikawa doa.

Kwa hiyo umbo kubwa lina fadhila yake, na lingenisamehe mengi. Lakini kiguzo kile kingeingia ndani ya mkoba wangu, na bibi asingenikataza kurudi asubuhi.

Nimempigia simu kumuuliza kama anaukumbuka ubeti wa 41. Alighani beti za mwanzo bila kukosea, akasema zilizobaki alikuwa akizisoma kitabuni. Katika tasnifu nimeandika "nia" na kuweka alama ya kuuliza.