Usiku wa Victoria Mboko katika parseli yetu

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane 2025 sikulala vizuri. Montreal iko nyuma yetu kwa masaa sita, kwa hiyo kule wakianza kucheza jioni, hapa Makomeno tayari ni usiku wa manane. Umeme ulikuwa umekatika. Nilibaki na simu, mega chache, na ukurasa wa matokeo unaobadilika polepole.

Niliyekuwa namfuata ni Victoria Mboko, mcheza tenisi wa miaka 18. Wazazi wake waliondoka Kongo kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa. Yeye alizaliwa Charlotte, Marekani, mwaka 2006, akakulia Kanada, na anaichezea Kanada. Aliingia mashindano ya Montreal kwa mwaliko tu, akiwa wa 85 duniani.

Tarehe 2 alikutana na Coco Gauff, bingwa wa Roland Garros, ambaye alikuwa amemshinda kule Roma mwezi wa tano. Safari hii Mboko alishinda 6-1, 6-4. Asubuhi nilisimulia kwenye bomba la maji, na watu wakaanza kuniuliza: "Mutoto wetu atacheza tena lini?"

Nusu fainali, tarehe 6, alikuwa na Elena Rybakina, bingwa wa Wimbledon 2022. Seti ya kwanza akafungwa 6-1. Karibu nizime simu. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyekimbia Goma mwezi wa kwanza, sasa anaishi kwa dada yake katika parseli yetu. Mtoto wake mchanga alikataa kulala. Mama huyo hajui tenisi. Aliuliza neno moja tu:

"Bado anasimama?"

"Bado, mama."

Mboko akachukua seti ya pili 7-5. Katika ya tatu alianguka, akaumia kifundo cha mkono, akaokoa pointi moja iliyotaka kumtoa, mwishowe akashinda 7-6.

Asubuhi jirani alitucheka: "Muache kelele. Ule ni Mukanada. Kikombe kitabaki kule kule."

Mama akamwonyesha mtoto mgongoni: "Huyu nilimuzaa njiani. Naye ni wa nani?"

Jirani hakujibu. Alichukua bidoni yake akaenda.

Fainali ilikuwa tarehe 7, dhidi ya Naomi Osaka wa Japani, aliyekwisha kubeba mataji manne ya Grand Slam. Mboko akapoteza seti ya kwanza 6-2, akarudi na kushinda ya pili 6-4. Hapo simu yangu ikazimika.

Mama akanipa yake. Ile simu haizimwi usiku, kwani inangoja sauti ya bwana wake aliyebaki Goma. "Tumia," akasema, "lakini ikilia, unipe mbio."

Seti ya tatu ilikwisha 6-1. Bingwa ni Mboko. Tulipiga makofi kidogo kidogo, tusiamshe watoto. Kisha mama akachukua simu yake, akaangalia moto uliobaki, akaiweka mapajani. Haikulia usiku ule.

Asubuhi, kwenye habari, nilisema "Mkanada mwenye wazazi Wakongo," maana ndivyo ilivyo. Niliporudi, kwenye bomba la maji jirani yule yule aliniita: "Sasa mutoto wetu anacheza tena lini?"