Karo Letu, Kisima cha Jirani

Nyumba tunaihukumu kwa inavyoonekana kutoka barabarani: bati, rangi, geti, vigae vya barazani. Karo hakuna anayelisifu. Lakini kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam ambao mitaa yetu haijafikiwa na bomba la majitaka, nasi ndio wengi, karo ndilo linaloamua kama nyumba inakalika. Linaamua pia kama nyumba ya pili inakalika, na hili ndilo lililoniingia moyoni siku tulipomwita mtaalamu kukagua karo la nyumba ya wazazi wetu kule Tabata.

Tulimwita pasipo tatizo lolote. Choo kilikuwa kinapeleka maji, harufu hakuna, chemba hazijafurika. Kaka yangu aliona tunatupa pesa. Mama akakataa katakata. "Baba yenu alilijenga tukiwa watu wanne," alisema. "Leo mna wake na watoto, uani kuna wapangaji. Nani amewahi kwenda kuliangalia kama bado linaweza?" Hekima ya siku ile ilikuwa yake. Mazoea yetu ni kukiita kitu kizima kwa sababu tu hakijalalamika, na tunafanya hivyo kwa presha, kwa ndoa, kwa mzee anayejibu "sijambo" kila akipigiwa simu.

Mtaalamu alituamkia, kisha akauliza mfuniko uko wapi. Alijua mama peke yake: chini ya zege la uani, upande wa mwembe. Fundi aliyejenga ameshatangulia mbele ya haki, baba naye vivyo hivyo, na mchoro haukuwahi kuwapo. Nilijiuliza ni mambo mangapi ya familia yamehifadhiwa kwenye kichwa kimoja namna hii, mipaka ya shamba na madeni ya watu, yakingoja kuzikwa na mwenye kichwa.

Wengi tunadhani karo husafisha maji. Kazi yake hasa ni kuyatuliza. Vizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu hupanda juu na kufanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotakiwa kutoka kwenda shimo la kunyonyea, ambako udongo na vijidudu vyake humalizia kazi. Bakteria wa ndani humeng'enya sehemu tu ya tope. Linalobaki hujikusanya mwaka baada ya mwaka, likipunguza nafasi, hadi maji yanapita mbio bila kutulia. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kukagua karo kila baada ya miaka 3 hivi, hata kama choo kinapeleka maji vizuri.

Alitumbukiza mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, akautoa, akapima lilipoishia doa jeusi. Tope likibakiza sentimita 30 kufikia mdomo wa bomba la kutokea, au utando ukibakiza sentimita 15, gari la kuvuta majitaka liitwe. Letu lilikuwa karibu na kipimo hicho. Kilichomfanya anyamaze kidogo ni kingine: ile tii ya bomba la kutokea, inayozuia utando usipite, ilikuwa imelika na kukatika. Mafuta na uchafu vilikuwa vinakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kunyonyea. Sisi tulikuwa tunaona choo kizima kwa sababu madhara yote yalikuwa yanaelekea nje ya nyumba yetu. Akanyanyua macho, akatazama upande wa pili wa ukuta, akauliza: "Kile kisima ni cha nani?"

Kisima kinapaswa kuwa mbali na shimo la choo, na umbali unaotajwa sana ni mita 30. Ni viwanja vyetu vingapi vya mjini vyenye mita 30 za kuachana? Masika yakiingia na maji ya ardhini yakapanda, udongo unaobaki wa kuchuja unakuwa kidogo zaidi.

Hatari hii si mpya. Mwaka 1854, mtaa wa Broad Street jijini London, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow aliihusisha balaa hiyo na pampu moja ya maji. Mwaka uliofuata ndipo shimo la majitaka la nyumba namba 40 lilipofukuliwa, matofali yake yakakutwa yamelegea, na umbali wake na kisima cha pampu ile haukufika mita moja. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtoto mchanga aliyeugua, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa shimoni mle. Ukaguzi ulifanyika baada ya maziko. Sisi nasi tunakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi.

Jioni ile ile mama alijifunga kanga akaenda kupiga hodi kwa jirani. Hakuna aliyemtuma. Alimweleza yote, akamwomba wasinywe maji yale bila kuyachemsha na wayapeleke kupimwa, gharama juu yetu. Jirani alikaa kimya, kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia, mama." Nimewaona watu wakitapisha vyoo mvua ikinyesha usiku ili uchafu uchukuliwe na mkondo kwenda kwa wa bondeni. Kati ya hao na mama yangu, ninajua nani ninayetaka wanangu wamfuate.

Basi msomaji, kabla ya masika haya muulize mzee wa nyumba mfuniko uko wapi, uandike, na kijana mmoja aonyeshwe. Mwite mtu anayeijua kazi. Gari likija kuvuta, uliza litakwenda kumwaga wapi, maana yako mabwawa kama ya Vingunguti kwa kazi hiyo, na Mto Msimbazi si mojawapo. Na mtu yeyote asishuke ndani ya karo, hata kuokota kitu, hata kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia: hewa ya mle huua kwa dakika chache.